Kusoma Umri wa Ndege wa Pwani Wakati wa Uhamaji: Matatizo Yanayojirudia na Namna ya Kuyatatua

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Novemba, vitwitwi, sululu na jamaa zao hushuka kutoka kaskazini mwa Asia na Ulaya hadi kwenye fukwe, hori na mikoko ya Kenya na Tanzania, na kati ya Machi na mwanzo wa Mei wengi wao hurudi walikotoka. Wanaowatazama katika hori ya Mida karibu na Watamu, au pale Mto Sabaki unapoingia baharini kaskazini ya Malindi, au katika delta ya Rufiji, hukwama mahali pamoja: kujua kama ndege aliye mbele yao ni mpevu aliyekwisha kuona misimu kadhaa, au ni kinda aliyeanguliwa katika kiangazi cha mwaka huohuo.

Swali hili lina uzito mkubwa. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, huzaa katika nyika baridi za Siberia, hasa rasi ya Taimyr, ambako mbweha wa aktiki huishi kwa kula panya wa huko waitwao lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wachache, mbweha hugeukia mayai na vifaranga vya ndege, na miezi michache baadaye makundi yanayofika pwani yetu huwa karibu hayana makinda. Kwa hiyo mtu anayehesabu makinda kwa uangalifu Mida au Rufiji anasoma habari za uzazi wa mahali ambapo huenda hatafika maishani mwake, na akikosea umri, habari yote inapotoka.

Kanuni moja inabeba mwongozo huu wote: umri husomwa kwenye uchakavu wa manyoya, na kwenye tofauti kati ya unyoya na unyoya wa ndege yuleyule. Rangi ya jumla hudanganya. Katika maelezo yanayofuata, «kinda» ni ndege aliyeanguliwa kiangazi hicho na ambaye bado amevaa manyoya yake ya kwanza kamili. «Ndege wa mwaka wa kwanza» ni kinda huyohuyo baada ya kuanza kubadilisha manyoya ya mwili, hadi afikishe mwaka mmoja. Na «mpevu» ni yule aliyepita hapo. Manyoya makuu ni yale marefu kumi ya ncha ya bawa yanayomrusha ndege, na vifuniko vya bawa ni manyoya mafupi yaliyopangwa safu kwa safu juu ya bawa.

Dalili: kundi zima ni la kijivu na ndege wote wanafanana

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni mahali aliposimama mtazamaji. Sehemu kubwa ya fukwe zetu hutazama mashariki. Anayesimama nchi kavu asubuhi na kuelekeza darubini baharini hulikabili jua, na ndege wote hugeuka vivuli. Kabla ya kulaumu macho au kifaa, angalia kivuli chako mwenyewe kimelala upande gani: kikielekea kwa ndege, mwanga unakusaidia, kikikuangukia nyuma, hama au subiri.

Chanzo cha pili ni maji. Maji yakipwa, ndege husambaa kwenye matope kiasi kwamba wengi wako mbali mno, na hewa yenye joto juu ya mchanga hutetemesha picha hata kwenye darubini nzuri ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Hapa pwani yetu ina neema ambayo watazamaji wengi hawaitumii. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba kati ya saa saba na saa kumi mchana bahari huwasukuma ndege kuelekea ufukweni huku jua likiwa limeanza kuhamia nyuma ya mtazamaji. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, mwanga ukiwa mbaya, tena hayajai sana, kwa hiyo ndege hawalazimiki kusogea. Anayeweza kuchagua siku moja tu katika wiki mbili na achague bamvua.

Chanzo cha tatu ni msimu wenyewe. Kati ya Desemba na Februari wapevu na wa mwaka wa kwanza huwa wamevaa kijivu kwa kweli, na hakuna mwanga utakaowatofautisha kwa rangi ya mgongo. Hapo acha kundi, chagua ndege mmoja, na umfuate mpaka aanze kupanga manyoya kwa mdomo au kunyoosha bawa, kisha utazame vifuniko vya bawa na manyoya makuu kama inavyoelezwa chini ya dalili ya kingo nyeupe.

Simama hapo ulipo ndege wakianza kuinua vichwa kwa pamoja, kuacha kula, au kutembea kukukwepa. Kila mruko wa kulazimishwa hutumia mafuta ambayo ndege ameyaweka kwa safari ya maelfu ya kilomita. Ukihitaji ukaribu zaidi, tumia mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, kama daraja la mbao na banda la kutazamia ndege la Mida, au ongozana na mwongozaji wa eneo hilo anayejua ndege hupumzika wapi maji yakijaa.

Dalili: mwezi Agosti ndege ana wekundu kifuani au tumboni

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mpevu anayevua mavazi yake ya kuzalia. Wapevu hutangulia kuondoka kaskazini, na kwa Calidris ferruginea madume huondoka hata kabla ya majike, kwa kuwa hawashiriki kulea. Ndiyo maana kundi la mwanzo wa Agosti huwa karibu lote ni la wapevu. Wekundu wao huwa wa mabaka: hapa unyoya mwekundu wa tofali, pale unyoya mpya mweupe, na mgongoni manyoya meusi yaliyoliwa kingo yamechanganyika na ya kijivu yanayoanza kuota. Ndege wa namna hii huonekana mchafu na aliyechanika, na mtazamaji mgeni humdhania mgonjwa.

Sababu ya pili ni kinda. Kinda wa aina hiyohiyo huwa na rangi hafifu ya pichi kifuani, lakini imetandazwa laini bila baka hata moja, na ndege mzima ni safi na amepangika. Makinda huanza kuonekana kwa wingi kuanzia Septemba, kwa hiyo tarehe ni kipimo cha kwanza na rahisi: mwanzoni mwa Agosti anza na dhana ya mpevu, Oktoba anza na dhana kwamba lolote linawezekana.

Sababu ya tatu, ya nadra, ni kwamba ndege si wa aina uliyomdhania. Usisome umri kabla ya kuthibitisha aina. Hitilafu hii hutokea zaidi kwa ndege wawili wa mchangani wanaofanana, Anarhynchus leschenaultii mwenye mdomo mrefu na mzito, na mdogo wake Anarhynchus atrifrons. Kama huna hakika ni yupi kati ya hao, andika aina kuwa na shaka na uache umri wazi.

Mwezi Aprili dalili hiyohiyo husomwa kinyume. Wakati huo wekundu unaingia, manyoya ni mapya, na ndege ambaye bado ni wa kijivu kabisa wakati wenzake wamegeuka wekundu ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa mwaka wa kwanza.

Dalili: manyoya yana kingo nyeupe, na kila ndege anaonekana kinda

Hapa ndipo makosa mengi zaidi hufanyika, kwa sababu vitabu vingi humwambia msomaji kwamba kinda ana kingo nyeupe, naye hulishika neno hilo bila kuuliza ni kingo za namna gani, kwenye unyoya upi, na mwezi gani.

Kati ya Septemba na Novemba sababu ya kwanza ya kuangalia ni ukinda wenyewe. Manyoya ya kinda yameota yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo yana umri mmoja, ni madogo kuliko ya mpevu, na yamejipanga kwa usawa kama magamba ya samaki. Usawa huo ndio ushahidi. Kingo ni sehemu yake tu. Kwa Calidris ferruginea kila unyoya wa mgongo una ukingo mweupe wenye mstari mweusi mwembamba ndani yake. Kwa kitwitwi mdogo kabisa, Calidris minuta, kingo ni za rangi ya kutu na mistari miwili myeupe hukutana mgongoni kwa umbo la V. Kwa Calidris alba, yule anayekimbia mbele ya mawimbi, mgongo wa kinda ni wa miraba meusi na meupe, ilhali mpevu aliyebadilika ni wa kijivu cheupe na weusi begani tu. Kinda wa Pluvialis squatarola (kwa Kiingereza Grey Plover) ana madoa yenye umanjano mgongoni, na kwa sababu hiyo huandikwa mara kwa mara kuwa jamaa yake, Pluvialis fulva (Pacific Golden Plover). Msubiri aruke, kwa kuwa squatarola ana makwapa meusi katika kila umri, na fulva makwapa yake ni ya kijivu cha kahawia.

Sababu ya pili ni mpevu mwenye manyoya mapya. Kati ya Oktoba na Desemba mpevu anayeota kijivu chake huwa na ukingo mwembamba mweupe kwenye manyoya ya mabega. Mtofautishe kwa kuangalia katikati ya unyoya: wa mpevu ni mpana, wa kijivu laini, wenye mstari mwembamba wa giza kwenye uti; wa kinda ni mdogo, una katikati yenye giza, na ukingo wake umekatwa kwa ukali.

Sababu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa anayejifunza, nayo ni ndege wa mwaka wa kwanza aliyebadilisha mwili na kubakiza bawa. Kuanzia Novemba mgongo na mabega yake ni ya kijivu kama ya mpevu, lakini vifuniko vya bawa bado ni vile vya ukinda: vidogo, vya kahawia, vyenye kingo za rangi ya mchanga. Tazama mpaka kati ya mabega na bawa. Ukiona kijivu kipya kikikutana ghafla na kahawia iliyochakaa, umepata jibu. Mtazamaji aliyejizoeza kuutafuta mpaka huo hana haja tena ya kubahatisha kwa rangi.

Sababu ya nne humdanganya mtu kwa upande wa pili. Kufikia Februari kingo za kinda huwa zimelika, kwa sababu rangi nyeusi, yaani melanini, huimarisha unyoya, na sehemu nyeupe zisizo nayo huisha kwanza. Manyoya ya kinda yaliota kwa haraka na ni dhaifu, kwa hiyo huchakaa upesi zaidi. Hivyo kukosa kingo mwezi Februari hakumfanyi ndege kuwa mpevu.

Mwisho ni kamera. Simu na kamera nyingi huongeza ukali wa picha zenyewe, na ukali huo huchora mstari mweupe kuzunguka kila unyoya. Kama kingo zipo hata kwenye mawe na makome yaliyo kwenye picha hiyohiyo, usiziamini kwa ndege.

Vipimo hivi vyote vikishindwa, hamia kwenye manyoya makuu. Kati ya Februari na Machi mpevu wa Calidris ferruginea huwa amemaliza kubadilisha manyoya makuu yote, nayo ni meusi, mapana na yenye ncha nzima. Wengi wa mwaka wa kwanza bado wanaruka kwa manyoya ya ukinda, ya kahawia, yaliyochongoka na kuliwa ncha, na baadhi yao wamebadilisha yale ya nje tu. Hata hivyo usikipeleke kipimo hiki kwa Calidris minuta, kwa sababu wa mwaka wa kwanza wa aina hiyo wanaokaa Afrika Mashariki kwa kawaida hubadilisha manyoya makuu wakiwa hapa, na kufikia Aprili bawa lao hufanana na la mpevu.

Dalili: bawa lina pengo, au linaonekana limekatwa

Pengo likiwa sawa mabawa yote mawili, kwa nafasi ileile, ndege anabadilisha manyoya makuu na hana tatizo lolote. Kazi hii huanzia unyoya wa ndani kabisa na kuelekea nje, mmoja mmoja au michache kwa pamoja, kwa hiyo ndani utaona manyoya mapya yenye giza, katikati pengo, na nje manyoya ya zamani yaliyofifia. Wapevu wengi wa pwani yetu huifanya kati ya Septemba na Februari, kwa kuwa hawawezi kuifanya safarini. Hii inakupa kipimo cha umri bila kumgusa ndege: mwezi Oktoba ndege wa Calidris mwenye pengo la namna hii ni mpevu, au angalau amepita mwaka wake wa kwanza, kwani kinda wa wakati huo bawa lake lote ni jipya.

Anayetaka kuandika kwa usahihi anaweza kutumia alama zinazotumiwa na watafiti: unyoya wa zamani ni 0, ulioanguka au unaochipuka ni 1, unaokua hupewa 2, 3 au 4 kwa kadiri ya urefu wake, na uliokamilika ni 5, hivyo bawa lililobadilika lote hufikia 50. Darubini peke yake haitoshi kwa kazi hii. Picha za mfululizo wakati ndege anatua, mabawa yakiwa wazi, ndizo zinazofaa.

Pengo likiwa upande mmoja tu, fikiria kwanza unyoya uliopotea kwa ajali, kwa mfano kuponyoka kwenye kucha za mwewe, kisha jeraha. Ndege anayeruka na kula vizuri mwache. Anayeburuta bawa yuko chini ya dalili ya ndege asiyeruka, iliyo mbele.

Dalili: ni Juni, wenzake wako Siberia, na ndege huyu bado yuko hapa

Ripoti za namna hii huja kila mwaka zikiwa na neno «mgonjwa» au «amepotea». Sababu ya kawaida ni umri. Ndege wengi wa aina kubwa na za kati, wakiwemo sululu, Pluvialis squatarola na Anarhynchus leschenaultii, hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Hubaki kwenye matope yetu wakati kusi inavuma, wakiwa na kijivu au na wekundu kidogo tu. Calidris ferruginea nao hubaki kwa idadi nzuri. Wengi wao huanza kubadilisha manyoya makuu mapema, hata kabla wapevu hawajarudi, kwa hiyo ukiona mwezi Julai ndege mwenye bawa jipya kando ya wapevu waliofika juzi wakiwa na bawa la zamani, huyo mwenye bawa jipya ndiye mdogo. Sababu ya pili, ya nadra, ni mpevu aliyeshindwa kunenepa kwa wakati. Ugonjwa ni wa mwisho katika orodha, na unahitaji dalili zake zenyewe.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu linahusu ulinzi: matope na hori zinahitaji utulivu miezi yote kumi na miwili, kwani kizazi kipya kiko pale hata wakati watazamaji wamekwisha kuweka darubini kabatini.

Dalili: ndege anamwomba mwenzake chakula, ilhali hapa si mahali pake pa kuzalia

Ukiwa Mida na ndege hao ni wakubwa, weupe na weusi, wenye mdomo mnene mweusi, unaitazama jamii ya Dromas ardeola, mla kaa. Huzaa kuzunguka Rasi ya Arabuni na Ghuba, ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa kundi hili analolifanya, na kwa kawaida hutaga yai moja jeupe. Wazazi huendelea kumlisha mtoto wao hata baada ya kusafiri naye hadi huku. Kinda ana mgongo wa kijivu na michirizi utosini, na sauti yake ya kuomba husikika mbali. Ukiona aina nyingine ikifanya hivyo, chunguza kwanza kama si unyang'anyi wa kaa au mnyoo, maana ndio unaotokea zaidi.

Dalili: rangi ya miguu au mdomo hailingani na kitabu

Matope ndiyo sababu ya kwanza. Subiri ndege aoge au aingie majini. Ya pili ni umri: Tringa totanus (kwa Kiingereza Common Redshank) mpevu ana miguu myekundu, na kinda wake miguu ya machungwa yenye umanjano. Rangi ya miguu isiwe ushahidi wa pekee.

Dalili: sehemu ya makinda katika kundi hupanda na kushuka kila ukihesabu

Watu wawili huhesabu ufukwe mmoja wiki moja, mmoja akaandika makinda wengi na mwingine wachache, na wote wawili huwa waaminifu. Sababu ya kwanza ni tarehe: wapevu hufika kwanza, makinda baadaye, kwa hiyo hesabu ya Agosti na ya Oktoba haziwezi kulinganishwa. Linganisha Novemba na Novemba, au Desemba na Desemba.

Sababu ya pili ni kwamba makinda hawaogopi watu kama wapevu. Hubaki karibu, na mara nyingi hula pembeni mwa kundi au kwenye vipande vya matope visivyo vizuri. Anayesoma umri wa ndege walio karibu pekee atapata makinda wengi kuliko walivyo. Dawa yake ni kupitisha darubini kutoka ukingo hadi ukingo wa kundi lililopumzika, kusimama sehemu kadhaa zilizochaguliwa kabla ya kutazama, na kusoma kila ndege anayeangukia katikati ya kioo, awe rahisi au mgumu.

Sababu ya tatu ni kuwaficha wagumu. Usipoandika «umri haujulikani», wote walioshindikana huingizwa kimyakimya kwa wapevu. Andika safu tatu: makinda au wa mwaka wa kwanza, wapevu, wasiojulikana. Hesabu yenye wasiojulikana wengi ina thamani, iliyolazimishwa haina.

Dalili: ndege haruki, ameinamisha kichwa au anazunguka

Acha kusoma umri. Sababu ya kawaida kwa ndege mmoja ni uchovu wa safari au uzi wa kuvulia samaki uliomfunga mguu. Kwa ndege kadhaa kwa wakati mmoja ni sumu au maradhi, na mafua ya ndege ni mojawapo. Mtazame kutoka mbali kwa muda. Mchovu hulala, huamka na kula. Mgonjwa hupoteza mwelekeo, shingo hupinda, au mabawa hulegea.

Usimguse kwa mikono mitupu, usimpeleke nyumbani kwenye kuku, na usiwaache watoto au mbwa wamkaribie. Ukiona ndege zaidi ya mmoja mgonjwa au mizoga mahali pamoja, ondoka na umjulishe daktari wa mifugo wa wilaya au kaunti siku hiyohiyo, na pia taasisi za wanyamapori: KWS (Huduma ya Wanyamapori ya Kenya) kwa Kenya, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) kwa Tanzania. Hata kwa ndege aliyenaswa na uzi, ni bora uzi ukatwe na mtu aliyezoea kushika ndege, kwani miguu yake huvunjika kwa urahisi. Usimfuate ndege kwenye matope laini ya mikokoni maji yakianza kujaa.

Dalili: rekodi za Desemba na Januari hazikubaliani

Kosa hili huonekana watu wanapochanganya madaftari yao na namba za umri za EURING (umoja wa vituo vya Ulaya vya kuvisha ndege pete), ambazo hutumiwa sana na wanaovisha ndege pete. Namba hizo hufuata mwaka wa kalenda. Aliyeanguliwa mwaka huu ni 3, na mpevu aliyeanguliwa kabla ya mwaka huu ni 4. Ikifika tarehe 1 Januari, ndege yuleyule aliyekuwa 3 huwa 5, yaani aliyeanguliwa mwaka uliopita, na mpevu wa 4 huwa 6, yaani aliyeanguliwa kabla ya mwaka uliopita. Ndege hakubadilika usiku mmoja. Kalenda ndiyo iliyogeuka. Kwa hiyo angalia kwanza kama mwandishi amesahau kugeuza namba baada ya mwaka mpya, kisha kama ameandika 4 mwezi Februari kwa kukosa hakika, jambo ambalo ni halali kwa kuwa 4 wakati huo hujumuisha 5 na 6. Kwa daftari la kawaida ni salama zaidi kuandika maneno: «mwaka wa kwanza, bawa la ukinda limebaki».

Ndege akiwa na pete au bendera ya rangi mguuni, andika rangi, mguu gani, juu au chini ya kiungo, na herufi zote zinazosomeka, pamoja na tarehe na mahali, kisha upeleke taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au kwa A Rocha Kenya huko Watamu ikiwa ndege yuko Mida, ambako shirika hilo limekuwa likivisha ndege wa pwani pete. Usijaribu kumkamata ili usome vizuri; kunasa ndege kwa wavu kunahitaji kibali na mafunzo. Ukimkuta amekufa, piga picha ya pete bila kuigusa, namba ikisomeka yote, na umwachie daktari wa mifugo uamuzi wa kumwokota.